Pimeni njia kabla hamjapima viwanja: barua ya wazi kuhusu makorongo ya Dodoma

Waheshimiwa mnaochora ramani za Jiji la Dodoma, na ninyi mnaosimamia mabonde ya maji, misitu na wanyamapori wa mkoa huu,

Mbukwenyi, kama wanavyosalimiana Wagogo.

YAH: KUPIMWA KWA NJIA YA MIGUU KANDOKANDO YA MAKORONGO

Nilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, serikali ilipohama na sisi tukafuata mafaili. Sikuja kwa furaha. Midomo ilipasuka, nguo nilizoanika zilirudi ndani na vumbi kuliko zilivyotoka, na mwanangu wa kwanza, wakati huo ana miaka minne, kila Jumamosi aliuliza tunaenda lini ufukweni. Nilimjibu kila aina ya uongo mpaka mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mvumi, akachoka kunisikia. "Bahari hatuna," alimwambia mjukuu wake. "Tuna korongo. Vaa viatu."

Nilidhani anatutania. Ilikuwa Septemba. Tulichokikuta ni bonde la mchanga mtupu, kingo zake zimesimama wima kama zilizokatwa kwa panga, na mkuyu mmoja mkubwa umeliinamia. Bibi alitembea akitazama chini, akachagua mahali kwenye kona, akapiga magoti na kuanza kuchimba kwa mikono. Hakufika kiwikoni mchanga ukaloa, kisha kikatokea kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Akatuambia tukakae kimya chini ya mkuyu. Nyuki walifika kwanza. Wakafuata vipepeo, halafu tetere wawili, halafu kundi la ndege wadogo wa kijani, kichwa cheusi, ukosi wa njano, mdomo mwekundu, wakipiga kelele kama watoto waliotolewa darasani. Habari za ufukwe hazikuulizwa tena siku ile.

Tangu hapo Jumamosi zetu nyingi huanzia pale. Korongo letu liko upande wa mashariki wa jiji, na kwa sababu halina jina kwenye mchoro wowote niliowahi kuonyeshwa, watoto wameliita Mkuyu Mmoja. Ninaandika kwa ajili yake na mengine ya aina yake, na ninachoomba ni kimoja: mpime njia ya watembea kwa miguu kandokando ya makorongo kabla hamjapima viwanja. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu tu.

Huenda mkaona ni jambo la watu wenye nafasi na muda. Lakini jina la mji huu lenyewe limetoka korongoni. Simulizi inayojulikana zaidi husema tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, kilichoitwa hivyo kwa mikuyu ya kando yake, akanasa kwenye tope, na waliokuwa wakimtazama wakasema idodomya, amedidimia. Ipo simulizi nyingine yenye utundu: kwamba watu waliiba ng'ombe, wakawala, wakachomeka mikia kwenye tope, na wenye mali walipofika wakaambiwa mifugo yote imezama. Mama mkwe wangu huisimulia hii ya pili au huikana, kutegemea nani amekaa sebuleni. Iwe tembo au mikia, huu ni mji ulioanza na watu waliosimama kando ya maji wakimshangaa mnyama. Sisi tunaendeleza.

Wageni husema Dodoma ina misimu miwili, vumbi na tope. Anayetembea korongoni huhesabu zaidi.

Juni na Julai ni miezi ya kusoma. Upepo wa usiku hulainisha mchanga, na ukiwahi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mbuzi na kabla ya wachota maji, unakuta habari zote za usiku zimeandikwa chini. Kanga wamepita kundi zima. Kenge ameburuza mkia katikati ya nyayo zake. Nguchiro wamekwenda wakirudi, kama watu waliosahau kitu. Siku nyingine kuna unyayo mpana wenye alama za kucha, na hapo binti yangu mdogo hunishika mkono bila kusema neno, maana anajua fisi ana miguu ya namna gani. Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi sikuwahi kuwaza kwamba mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma ardhi hivyo. Hawahitaji darubini wala gari la kitalii. Wanahitaji mchanga usiokanyagwa na lori.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba kila kitu kinakauka, na hapo ndipo wanyama huonekana vizuri kuliko wakati wowote, kwa sababu maji ni machache na majani hayafichi. Pimbi hushuka kutoka kwenye mawe. Tumbili huja kwenye mkwaju. Wale ndege wa kijani niliowataja ni aina ya kasuku wadogo ambao duniani kote watu huwafuga kwenye vizimba, lakini makazi yao ya asili ni Tanzania pekee, hasa huku katikati, na hulala na kuzaa kwenye matundu ya mibuyu. Pia kuna kwezi wa rangi ya majivu, ndege asiye na urembo wowote wa kwezi wenzake, ambaye naye hapatikani nje ya nchi hii. Mtalii anasafiri saa nyingi kwa ndege kumwona. Sisi tunamwona tukinywa uji wa chupa.

Oktoba na Novemba tunabadili ratiba, tunakwenda jioni. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama, na hufunguka mbele ya macho yako ukiwa na subira. Linaning'inia kama taa, jeupe, lina harufu ambayo mimi siipendi lakini popo wanaipenda, na ndio wanaobeba chavua kutoka mti hadi mti. Kesho yake asubuhi limekwisha kuwa la kahawia, limeanguka. Watu wazima wa mtaani kwetu, wengine wazaliwa wa hapahapa waliokula ubuyu maisha yao yote, walikuwa hawajawahi kuliona likifunguka. Mwaka juzi tulikuwa watu kumi na wanne chini ya mbuyu mmoja, tumekaa kwenye kanga na ndoo zilizogeuzwa, tunangoja ua.

Kisha mvua. Sehemu kubwa ya Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Kumbikumbi wanatoka, na pamoja nao wanakuja korongo. Hapa Kiswahili kimetufanyia hisani: korongo wanatua kwenye korongo. Wale weupe wenye miguu myekundu wametoka Ulaya. Wale weusi wenye tumbo jeupe wametoka kusini mwa Sahara, upande wa Sudan na jirani zake, na hupita kwa makundi makubwa yakizunguka angani kama majani makavu. Mwanangu mkubwa aliniuliza kama wana pasipoti. Minana nao huanza kujenga kwenye migunga iliyoinamia maji. Dume hufuma kiota, jike huja kukagua, na lisiporidhika dume hubomoa na kuanza upya. Watoto wamempa yule jike cheo cha afisa ujenzi. Naomba radhi kwa mhusika yeyote.

Ni katika mvua ya kwanza kabisa tuliyoiona pale ndipo bibi alipomwonyesha mjukuu wake maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita, akamwambia, "Hayo yanakwenda kwenu." Nilidhani ni maneno ya kumfurahisha mtoto. Baadaye nikaangalia ramani. Maji ya upande wetu huingia Kinyasungwe, yakapita Gulwe, yakawa Mkondoa yakifika Kilosa, yakawa Wami, yakamwagika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Kumbe ufukwe tulikuwa nao, ila tumekaa kwenye ncha yake ya juu.

Sasa niwaambie kilichoniandikisha barua.

Mwezi Agosti mwaka jana tulikuta bikoni nne, yale mawe ya kuonyesha mipaka ya kiwanja, zimesimikwa ndani ya korongo. Si kando. Ndani. Mbili kati yake zilikuwa zimepitwa na alama ya maji ya Machi, ile mistari ya takataka na majani inayobaki kwenye kingo. Vijana waliokuwa wakivuta kamba walikuwa na adabu. "Mama, hili ni eneo la mtu," waliniambia. Nani aliwatuma, sijui, na sitamtaja nisiyemjua. Mwenye kiwanja alikuja kujitambulisha mwezi uliofuata, kijana anayeuza vipuri vya pikipiki, ana risiti, ana karatasi ya mauziano, ana mke mjamzito. Alijenga msingi. Machi maji yakachukua tofali zote na nusu ya kokoto. Nilimkuta amekaa juu ya kilichobaki, hana la kusema, nami sikuwa nalo. Kwangu mimi yule si mvamizi. Ameuziwa mto.

Kwenye michoro ya mipangomiji makorongo hupakwa rangi ya eneo hatarishi, na hapo habari yake huishia. Najua nia ni njema. Lakini mtaani neno hatarishi linasomeka "halina mwenyewe". Lisilo na mwenyewe hutupiwa takataka, huchotwa mchanga, kisha huuzwa usiku. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na kweli imepungua, ila pampasi hazikupigwa marufuku, na anayetaka kujua zinakoishia aje Jumatatu asubuhi. Sheria ya kulilinda korongo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Mita 60 kila upande! Ni upana wa kutosha kupitisha njia, miti, mbuzi na watoto wa mtaa mzima, na ukabaki. Tatizo ni kwamba mita hizo zimo kwenye kitabu, haziko ardhini. Bikoni ya kiwanja inaonekana. Bikoni ya mita 60 sijawahi kuiona.

Kuhusu mchanga nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ndio ulinifundisha. Mchanga wa korongo ni tangi. Mvua ya miezi minne hujificha humo, jua halifiki, na kuanzia Juni hadi Novemba ng'ombe, nyuki, kasuku na kina mama wenye ndoo wote hula kwenye akiba hiyo. Ukiuchota mpaka mwamba ukaonekana, mvua ijayo haina pa kujificha: inateleza kwa kasi, inakula kingo, inang'oa mikuyu, inakwenda kuwa tatizo la watu wa Gulwe na Kilosa, ambako reli ya kati imesombwa mara nyingi kiasi kwamba haihesabiki tena kuwa habari. Septemba iliyopita bibi alipiga magoti kwenye kona yake ileile. Alichimba hadi begani. Alipata udongo wa kunata. Hakusema kitu, alijipangusa mikono kwenye kitenge, na ndege hawakuja. Malori yalikuwa yamefanya kazi miezi mitatu juu yetu kidogo, na mji unajengwa, nalijua hilo; hata nyumba ninamoishi ina mchanga wa mahali fulani. Naomba tu mchanga uchotwe mahali palipopangwa, kwa kibali kinachosema wapi na kiasi gani, na pasiwe hapa ambapo maji ya kiangazi yanatunzwa.

Mji unakua kweli. Sensa ya 2012 ilikuta jiji hili lina watu zaidi ya 400,000 na ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000. Kila mmoja anahitaji pa kulala, na mpimaji ana foleni mlangoni. Ndiyo maana nasema njia ipimwe kwanza. Mpango wa mji mkuu wa mwaka 1976, ule uliofuata uamuzi wa 1973 wa kuhamia hapa, uliwafikiria sana waendao kwa miguu. Leo tuna Mpango Kabambe wa 2019 hadi 2039, tuko bado katikati yake, na kwenye kata za pembezoni mistari mingi haijachorwa. Mstari wa kijani kuchorwa leo ni kazi ya kalamu. Baada ya miaka mitano ni kazi ya fidia, tingatinga na kesi.

Njia yenyewe isiwatishe bajeti. Simaanishi bustani yenye geti, vigae na chemchemi ya umeme. Bustani ya Chinangali tunayo na tunaipenda, watoto wanabembea. Nairobi wana Karura, ule msitu aliopigania Wangari Maathai mwaka 1999, na leo familia zinatembea humo kando ya mto. Lakini wao wana uzio na tiketi, na mimi naomba korongo lisiwekewe hata kimoja. Mwanamke anayechuma mlenda kando ya korongo hawezi kulipa kiingilio ili achume mboga. Bikoni za kuonyesha mita 60, zipakwe rangi ambayo mtoto anaitambua. Kibao chenye jina la korongo, na jina liulizwe kwa wazee wa Kigogo wa pale, kwa sababu jina lipo, ni sisi tusiolijua. Mikuyu na migunga isikatwe kwa kisingizio cha kusafisha. Na pale ambapo wahandisi wanalazimika kujenga kuta za mawe ili nyumba zisizame, wajenge, nimeona nyumba zikizama. Ila pembezoni, ambako bado kuna kingo na miti, zege lisubiri.

Afisa wanyamapori mmoja akitupa Jumamosi moja kwa mwezi, tutamjazia watu. Shule mbili za jirani zimeshaniuliza. Kinachozuia walimu ni hofu, na hofu yao ina haki, kwa hiyo wasaidieni kwa kibao kingine chenye maneno machache. Desemba hadi Aprili usishuke mchangani kama kumeonekana wingu zito upande wa vilima, hata kama kwako jua linawaka: maji hufika kabla ya mvua, na sauti yake ukiisikia umebaki na muda wa kupanda tu. Watoto wasichezee maji yaliyotuama, kichocho kipo. Kwenye mabwawa makubwa ni habari nyingine kabisa, Mtera kuna viboko na mamba, na huko hatuendi kutembea kingoni. Tunaangalia tukiwa mbali na tunarudi kula samaki.

Aprili, mkipata nafasi, nendeni pia Bahi, barabara ya Singida. Mto Bubu ukiwa umeleta maji ya kutosha, tope lile hugeuka ziwa, na mwari na heroe huja, na mashamba ya mpunga yanakuwa ya kijani kiasi cha kuumiza macho. Mwaka mwingine mnakuta udongo uliopasuka na wavuvi waliogeuka wachunga mbuzi. Tulikwenda mwaka wa ukame tukarudi na picha moja, ya bata bukini wawili wamesimama kwenye dimbwi la ukubwa wa chumba. Mwanangu ameibandika juu ya kitanda chake. Anasema wale walikuwa wanasubiri.

Nimalizie na mwaliko, maana barua za wazi zina desturi ya kuishia mezani. Jumamosi ya pili ya Desemba tutakuwa korongoni kama kawaida, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukitazama kama korongo weupe wamefika. Yeyote kati yenu akitaka kuja, mwenyekiti wetu wa mtaa anajua njia. Vaeni mabuti. Gari liacheni barabarani, maana mita mia mbili za mwisho ni za miguu na kuna viota vya ndege ardhini. Mkija na mpimaji, aje na kamba ya mita 60. Mkuyu utakuwa ndio alama ya kuanzia. Chai na viazi vitamu nitaleta mimi.

Mama wa watoto wawili, mkazi wa Dodoma